Kilimanjaro, Mbinga, Mbozi au Bukoba: ukiwa Mtwara uchemshe ipi?

Kwetu Mtwara kahawa haina mkoa, ina mwenyewe. Muulize mtu jana jioni alikunywa kahawa ya wapi, atakujibu "ya mzee wa pale mwembeni" au "ya yule kijana wa jirani na msikiti". Buni yenyewe ilitoka Bukoba au Mbinga, ilianikwa na maganda yake au ilimenywa na kuoshwa kwanza, hayo si maswali ya kijiweni. Kijiweni huulizwa kama ya leo imechemka vizuri, kama tangawizi imezidi, na kashata za korosho zimebaki ngapi.

Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipoongeza kahawa kwenye kibanda changu cha chai. Msimu wa korosho ulipoingia, wageni wa kutoka bara waliofuata minada wakaanza kunitia majaribuni. Huyu anataka "Kilimanjaro". Yule anauliza kama ni AA. Mwingine, kijana wa Dar mwenye kompyuta mgongoni, akataka kujua kama ni arabika au robusta, na aliponiona nasita akaagiza chai ya rangi. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba majina hayo hayasemi kitu kimoja. Kilimanjaro ni mahali. Arabika ni aina ya mti. AA ni ukubwa wa punje. Kuyapanga mstari mmoja na kuuliza lipi bora ni sawa na kuuliza kipi kizuri kati ya Newala, daraja la kwanza na mkorosho.

Nikakusanya buni. Dada yangu ameolewa Mbinga, kwa hiyo kilo mbili za huko zilikuja na basi. Za Kilimanjaro aliniletea mteja wa Moshi, za Mbozi nilizipata kwa dereva wa lori, za Bukoba kwa mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anarudi kutoka likizo. Zote zilikuja mbichi, nikazikaanga mwenyewe siku moja, chungu kimoja, mpaka rangi moja. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukichukua moja iliyokaangwa kahawia na nyingine iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, unalinganisha moto, hulinganishi mashamba.

Tulionja Jumapili asubuhi barazani kwangu: mimi, mke wangu, jirani yetu mwalimu mstaafu, na mzee wa kahawa wa kijiwe chetu, ambaye amebeba dele tangu mimi sijaoa. Gramu 60 za unga kwa lita ya maji, maji yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka, bila sukari, bila tangawizi. Mzee alipoambiwa bila tangawizi alinitazama kama mtu aliyeandaliwa wali usio na nazi.

Jina linatoka wapi

Kabla ya vikombe, niseme kidogo juu ya majina, maana ndiyo yanayopandisha bei.

Chukua Mocha. Watu wengi wakilisikia wanafikiria kinywaji chenye chokoleti. Al-Mokha ni mji wa bandari Yemen, kwenye Bahari ya Shamu, joto na mchanga mtupu, hakuna mbuni unaoota pale. Kahawa ililimwa juu milimani, ikashushwa pwani, ikapakiwa merikebuni, na dunia ikaiita kwa jina la mahali ilipopandia chombo. Santos ya Brazil ni hivyo hivyo, bandari. Mandheling ya Sumatra si mahali kabisa. Ni jina la watu, Wamandailing. Java ni kisiwa. Yirgacheffe ni mji mdogo wa kusini mwa Ethiopia. Siku hizi makaa ya mawe ya Mbinga yanapita bandari yetu ya Mtwara, na nikiyaona malori yale huwa nafikiria: ingekuwa ni kahawa iliyopita hapa miaka mia mbili, leo kuna mtu London angekuwa anaagiza kikombe cha "Mtwara" na kusifia mashamba yetu ambayo hatuna. Bahati nzuri makaa hayanywewi.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa Japani. Kule, kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa, arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama haikuuona mlima. Inayobaguliwa ni arabika ya Bukoba tu. Na kwa kahawa ya kuchanganya, ikitimia asilimia 30 ya buni hiyo, mchanganyiko mzima unaruhusiwa kuitwa Kilimanjaro. Maana yake kahawa ya mashamba ya Mbinga ikifika Tokyo inabadilishwa kabila. Nilimpigia simu shemeji yangu, Mmatengo wa kuzaliwa, nikamweleza. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Shemeji, kumbe mimi Mchaga miaka yote hii na hamkuniambia!"

Kwa hiyo ukisoma jina kwenye pakiti jiulize kwanza: hili ni shamba, bandari, au ni biashara?

Kilimanjaro

Kahawa ya mlima ina bahati ya kuandikwa na kutangazwa. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwaka 1898, Wachaga wakaiingiza kihambani chini ya migomba na kuinywesha maji ya mifongo, yaani mifereji yao ya mlimani, na mwaka 1933 ushirika wao wa KNCU ukaanza. Mnada wa kahawa ulikaa Moshi miaka mingi, na kituo cha utafiti wa kahawa kiko Lyamungo, wilayani Hai. Ukiwa na mlima kwenye kila kadi ya posta na shughuli zote ziko miguuni pake, jina lako litatangulia tu.

Kikombe chenyewe kina harufu inayokufikia kabla hujakiinua. Mdomoni kunatangulia uchachu mkali lakini safi, kama ndimu iliyokamuliwa kwenye maji ya sukari. Ukimeza, uchachu unaondoka, utamu unabaki. Ina uzito wa kutosha, si maji maji. Bodi ya Kahawa nayo huieleza kahawa ya kaskazini kwa sifa hizo, harufu, uchachu na uzito, na huzihusisha na madini ya udongo wa volkano.

Mzee alipiga funda moja, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, hii imelala."

Alidhani imechacha. Hapo ndipo wengi wetu wa vijiweni tunapokwama, kwa sababu kahawa tuliyoizoea hukaangwa mpaka uchachu wote umeungua, kisha huchemka juu ya mkaa kutwa nzima. Mimi pia mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa mbovu. Lakini kahawa ni kokwa ya tunda, na tunda lina uchachu wake. Mibuni ya arabika ikiwa juu, kwenye baridi ya mita 1,000 na ushei kwenda juu, tunda huiva polepole, punje inakuwa ngumu na nzito, na asidi na sukari zake hubaki nyingi. Ndiyo maana sisi wa usawa wa bahari tunalima korosho na ufuta na kuagiza kahawa kwa wenzetu.

Ila uchachu usiuchanganye na ukakasi. Ukakasi ni ule wa bibo, unaokausha ulimi na kuubana. Ukiukuta kwenye kahawa, mara nyingi ujue punje za kijani zilichumwa pamoja na nyekundu. Hilo ni kosa la mikono, hata mlima hauliponyi. Katika sampuli zangu, iliyokuwa na ukakasi kidogo ilikuwa hii hii ya Kilimanjaro, yenye jina kubwa kuliko zote.

Mbinga

Hapa nitakawia, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya upendeleo, dada yangu yuko huko. Ya pili ni ramani. Moshi kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000, unapita Dar kwanza. Mbinga ni barabara moja ya lami: Masasi, Tunduru, Songea, kisha unapanda milima ya Umatengo. Ni zaidi ya kilomita 700, lakini hubadilishi dunia. Mzigo wa mahindi na maharage wa Ruvuma unatufikia kwa njia hiyo kila wiki. Kahawa yao ndiyo isiyotufikia, au ikifika inakuja haina jina, kwenye gunia.

Wamatengo ni wakulima wa miteremko. Wana ngolo, yale mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki ubavuni mwa mlima, yanayozuia mvua isichukue udongo. Humo wanalima mahindi na maharage, na kahawa inakaa karibu na nyumba. Baadhi ya milima inapita mita 1,500. Kahawa ya huko ni arabika, na nyingi humenywa, huchachushwa, huoshwa, kisha hukaushwa kwenye vichanja. Ukisikia mtu anasema "kahawa iliyooshwa" ndiyo hiyo: ganda la nje na utelezi wake vimeondolewa kabla ya kuanika, kwa hiyo unachoonja ni punje, si tunda lililokaukia juu yake.

Kikombe cha Mbinga kilikuwa kimya zaidi. Hakikurukii puani kama cha Kilimanjaro. Nilichokionja kwanza ni utamu wa sukari guru, halafu karanga, na kwa mbali sana ganda la chungwa. Uchachu upo lakini umekaa nyuma, kama mgeni mwenye adabu. Uzito wa kati. Bodi inasema kahawa za kusini zina uzito wa kati, uchachu mzuri na harufu za matunda na maua. Maua kwa kweli mimi sikuyasikia katika zangu, mke wangu alisema aliyasikia. Mwalimu akasema yeye anasikia kahawa.

Kilichonishangaza kilitokea kikombe kilipopoa. Cha Kilimanjaro kikipoa uchachu unapanda, na asiyeuzoea anakiacha. Cha Mbinga kikipoa kinazidi kuwa kitamu. Kwa mtu wa barazani anayekunywa kwa maongezi, funda moja kila dakika tano, hilo si jambo dogo. Na kikiambatana na kashata ya korosho, karanga ya kahawa na mafuta ya korosho vinakutana mahali ambapo sijui nipaitaje. Mzee, ambaye alikuwa bado amenuna, alikunywa viwili.

Kama unachukua pakiti moja tu, na hutii maziwa, nakushauri Mbinga. Mtu wa kaskazini atanibishia, na ana haki: akitaka kahawa inayopiga hodi, ya kwake inapiga hodi zaidi.

Mbozi, na wengine wa juu

Mbozi iko mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipoanza mwaka 2016, ila wauzaji wengi bado wanasema "kahawa ya Mbeya". Usihangaike, ukoo ni mmoja. Katika vikombe vyetu ilikaa kati ya hizo mbili: uchachu wa wazi kuliko Mbinga, wepesi kuliko Kilimanjaro, na harufu ya tunda bivu. Mke wangu aliipa namba moja. Ukiwa mtu wa kuchuja kwa kitambaa au karatasi na kunywa bila sukari, ianze hiyo.

Kigoma wana arabika nzuri ya upande wa Kalinzi, karibu na Burundi, na Tarime wana ya kwao, jirani na Kenya. Sikuzipata, kwa hiyo naziacha zipite.

Bukoba

Hapa mambo yanabadilika, kwa sababu hatulinganishi tena shamba na shamba, tunalinganisha mti na mti. Kagera wana arabika kidogo, lakini kahawa inayofanya watu waseme "Bukoba" ni robusta. Mti wake ni mgumu zaidi kwa magonjwa, unavumilia joto, na hauhitaji kupanda juu sana. Ziwa Viktoria lenyewe liko mita 1,134, na vibanja vya Wahaya, kahawa na migomba pamoja, viko jirani na usawa huo. Nyingi huanikwa na tunda lake zima mpaka likauke, na sokoni huitwa kahawa ya maganda.

Wahaya hawakufundishwa kahawa na mmisionari. Walikuwa nayo. Walichuma punje changa, wakazichemsha na majani ya kunukia, wakazikausha na kuzitafuna. Mgeni alikaribishwa kwazo, na watu waliofanya udugu wa kuchanjana walitafuna za tunda moja. Mwanafunzi wangu wa chuo alinipa pakiti ndogo ya hizo za kutafuna. Ni chungu kidogo, zinanukia kama dawa ya mitishamba, na usiku ule sikulala.

Kutolala kuna sababu yake. Kafeini ya robusta ni karibu mara mbili ya arabika: takribani asilimia 2.2 ya uzito wa punje, arabika 1.2. Sukari na mafuta yake ni kidogo zaidi, kwa hiyo ulimi hupokea uchungu kwanza. Kwenye kikombe nilipata chokoleti chungu, karanga zilizoungua kidogo, na uzito unaokaa mdomoni kama uji mwepesi. Uchachu karibu hakuna. Povu ni jingi.

Mzee alifunga macho. "Hii sasa ndiyo kahawa."

Wajuzi wa mijini huidharau robusta, na sikubaliani nao hata kidogo. Robusta iliyochumwa mbivu na kuanikwa vizuri inashinda arabika iliyotupwa chini ikaota ukungu. Tena iangalie kwa matumizi yetu. Kahawa ya dele inachemka saa nyingi, inatiwa tangawizi, inanyweka kwenye kikombe kidogo pamoja na kitu kitamu. Harufu za maua za Mbozi zinakufa katika nusu saa ya kwanza ya mkaa ule. Uchungu wa Bukoba haufi. Na mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, watu wanataka ya kuwafikisha daku, hawataki ya kuwasimulia habari za ganda la chungwa.

Kwa maziwa pia, Bukoba. Arabika nyepesi ikikutana na maziwa inapotea, au uchachu wake unayafanya yaonje kama yanayotaka kukatika. Hata kahawa ya unga inayoyeyuka tunayokoroga majumbani, ile inayotengenezwa Bukoba na kiwanda cha TANICA, inatoka kwenye nchi ya robusta.

AA, PB na herufi nyingine

Mtu wa Mtwara ana njia rahisi ya kulielewa hili. Korosho iliyobanguliwa tunaiita W240 au W320, na namba hiyo ni idadi ya punje zinazoingia kwenye ratili moja. Haisemi korosho ni tamu, inasema ni kubwa kiasi gani. AA ni hivyo hivyo. Buni hupitishwa kwenye chekecheo. Zinazobaki kwenye matundu makubwa, kiasi cha milimita 7, ni AA, zinazofuata ni A, kisha B, C na kuendelea. Punje kubwa hukaangika sawasawa na hupendeza macho, na mara nyingi imetoka kwenye mti wenye afya. Lakini nimeonja AA yenye ukakasi na B iliyonyooka. Ukikuta B ya mkulima unayemjua kwa bei ya chini, chukua.

PB, kifupi cha Kiingereza "peaberry", ni hadithi nyingine. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zilizolaliana, bapa upande mmoja. Mara chache, kiasi cha tunda tano mpaka kumi katika mia, inakua moja tu, na kwa kuwa haina mwenzake wa kumbana inakuwa ya mviringo. Wahispania waliifananisha na konokono, wakaiita caracolillo. Marekani PB ya Tanzania ina wapenzi wake na huuzwa peke yake. Inakaangika vizuri kwa sababu inabingirika chunguni. Kuhusu ladha, wapo wanaoapa kwamba ni tamu zaidi. Mimi nilitenga kiganja cha PB kutoka kwenye buni za Mbinga, nikakaanga, sikuona tofauti ya kulipia.

Zikikufikia za ng'ambo

Hizi hazifiki Mtwara ila kwa mgeni au zawadi, kwa hiyo nitakimbia.

Ukiletewa Yirgacheffe, usiikaange tena wala usiichemshe na tangawizi, utakuwa umeikosea. Ni nyepesi kama chai, inanukia asmini na ndimu. Harar, pia ya Ethiopia, huanikwa na tunda lake, na ina ladha ya tunda lililoanza kugeuka pombe. Aliyewahi kunusa mabibo ya uraka atanielewa. Kwao ndiko arabika ilikoota porini, na wana jimbo liitwalo Kaffa, ila jina letu "kahawa" tumelipata kwa Waarabu.

Kenya AA ni Kilimanjaro iliyopaza sauti: uchachu mkali na ladha ya zambarau mbivu. Sehemu ya siri yake ni aina ya mbuni iitwayo SL28, na asili ya mbegu hiyo iko kwetu. Mwaka 1931 afisa wa kahawa kutoka Kenya alipita Tanganyika, akaona upande wa Monduli mibuni inayostahimili ukame, na kutoka kwenye mbegu hizo maabara ya Scott ikachagua SL28. Kwa hiyo tunasifia majirani kwa mtoto wetu waliyemuasili.

Santos ya Brazil ni laini, karanga na chokoleti, uchachu kidogo. Anayependa Mbinga ataielewa haraka. Mandheling ya Sumatra ni nzito, inanuka udongo uliopata mvua, kwa sababu wao huikoboa punje ingali na maji mengi, kisha wanaimalizia kuikausha. Wapenzi wa Bukoba waijaribu.

Kabla hujatoa hela

Mwaka jana nilinunua pakiti yenye picha ya mlima wenye theluji, katika duka moja ambalo silitaji. Nilipoifungua ilinuka boksi. Ilikuwa na tarehe ya kuisha muda, mwaka mzima mbele, lakini haikuwa na tarehe ya kukaangwa, na hiyo ndiyo inayotakiwa. Kahawa iliyokaangwa ikapita mwezi mmoja au miwili, jina la mkoa linabaki kwenye karatasi tu. Ikiwa imesagwa, hesabu kwa wiki. Na kwa unyevu wetu wa pwani, pakiti iliyoachwa wazi jikoni inakwisha harufu kabla ya Ijumaa nyingine. Nunua buni mbichi, kaanga kidogo kidogo, hifadhi kwenye kopo linalofunga. Buni mbichi inavumilia miezi, ilimradi isipate unyevu.

Jambo jingine ni maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi inaua ule utamu wa Mbinga kabisa, huku Bukoba ikipita kama haikusikia. Kama maji ya kwako yana chumvi na huna ya mvua wala ya dukani, usipoteze hela kwenye arabika ya bei.

Mimi kibandani sasa nina vyungu viwili. Asubuhi, kwa wanaoagiza nyeusi, Mbinga iliyokaangwa kahawia. Ya maziwa na ya jioni ni mchanganyiko: mafungu mawili ya Bukoba, moja la Mbinga. Kilimanjaro naiweka kwa msimu wa minada, kwa sababu mgeni akiulizia mlima ni afadhali umpe mlima kuliko kumfundisha jiografia.

Mzee aliondoka siku ile na buni za Mbinga zilizobaki, kama nusu kilo, akisema zisitupwe. Usiku nilisikia harufu ya mkaango wake kutoka nyumba ya tatu, akizipeleka mpaka nyeusi kabisa, na nikajua ganda la chungwa ndiyo basi tena. Jumatatu jioni nikapita kijiweni. Mteja mmoja aliinua kikombe, akakitazama ndani, akamuuliza leo ametia nini.

"Tangawizi," mzee akasema, bila kunitazama. "Nimepunguza tangawizi."